Jinsi githeri ya jioni inavyokupa nguvu alfajiri

WATU wengi hudhani kwamba kazi ya chakula humalizika pale mtu anaposhiba, na kwamba kile ambacho tumbo limeshindwa kukisaga ni takataka inayongoja kutupwa chooni. Kwa mkazi wa Kibera au Kawangware, ambako kila shilingi ya chakula huhesabiwa, dhana hiyo yaweza kuwa ghali. Ndani ya utumbo wako mpana mna kiwanda kisicholala usiku wala mchana, na malighafi yake ni hayo hayo unayoyaita takataka.

Chukua mfano wa githeri. Ukishuka kwenye matatu pale Kawangware jioni, kabla hujafika nyumbani utakuta masufuria makubwa yakifuka mvuke kando ya barabara. Kibera nako, kuanzia Makina hadi Laini Saba, akina mama huuza mahindi na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, kwa sababu si kila mpangaji aliye na makaa ya kuchemshia maharagwe kwa saa tatu. Ukimwuliza mnunuzi kwa nini amechagua githeri badala ya mkate mweupe na chai, atakujibu kwamba githeri "hukaa tumboni". Jibu lake ni sahihi. Hebu tutazame ni kwa nini.

Safari ya usiku

Tuseme umekula githeri yako saa mbili usiku. Kutoka tumboni chakula huingia katika utumbo mwembamba, ambao una urefu wa mita 6 hivi. Hapo vimeng'enya vya mwili huvunja wanga ukawa glukosi, protini zikawa asidi za amino, na mafuta yakawa chembe ndogo zinazoweza kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Hiyo ndiyo nguvu ya kwanza, ile uihisiyo muda mfupi baada ya kula.

Lakini si kila kitu huvunjwa. Ganda la punje ya mahindi na ngozi ya haragwe vimeundwa kwa nyuzinyuzi, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzikata. Aidha, kuna sehemu ya wanga iliyojificha ndani ya kuta za mbegu, ambayo vimeng'enya haviifikii. Wataalamu huuita wanga huo wanga sugu. Maharagwe, ndengu, dengu na ndizi mbichi zina wanga sugu kwa wingi.

Mabaki hayo huingia katika utumbo mpana saa nne hadi nane hivi baada ya mlo. Kwa hivyo, githeri uliyokula saa mbili usiku, sehemu yake hufika huko wakati wewe umelala fofofo. Hapo ndipo kiwanda tulichokitaja huanza kazi.

Wafanyakazi na bidhaa zao

Wafanyakazi wa kiwanda hicho ni bakteria, ambao idadi yao katika mtu mmoja mzima hukadiriwa kuwa trilioni 38 hivi. Usishtuke. Wengi wao si wa kuleta ugonjwa, bali ni wapangaji wanaolipa kodi. Utumbo mpana hauna oksijeni karibu kabisa, hivyo bakteria hawa hujipatia riziki kwa kuchachusha nyuzinyuzi na wanga sugu, kwa namna inayofanana na unga wa wimbi unavyochachuka ndani ya chombo kabla ya kupikwa uji.

Uchachushaji huo hutoa bidhaa ambazo wataalamu huziita asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Jina ni refu lakini maana yake ni nyepesi. Mafuta ya kupikia yameundwa kwa minyororo mirefu ya kaboni, aghalabu kaboni 16 au 18. Hizi zina kaboni mbili, tatu au nne tu. Kwa kuwa ni fupi, huyeyuka katika maji na hupenya ukuta wa utumbo kwa urahisi.

Ziko tatu kuu. Ya kwanza ni asetati, ambayo ni ndugu wa siki unayoijua jikoni. Ya pili ni propionati. Ya tatu ni butirati, ambayo kwanza ilitambuliwa katika siagi, na ndiyo yenye harufu ile ya siagi iliyoharibika. Katika utumbo wa mtu, kwa kila sehemu kumi za asidi hizi, kama sita huwa asetati, mbili propionati na mbili butirati.

Kila asidi na kazi yake

Butirati haisafiri mbali. Seli zinazotanda ukuta wa ndani wa utumbo mpana huinyakua na kuitumia papo hapo. Takriban asilimia 60 hadi 70 ya nguvu ambazo seli hizo huhitaji hutokana na butirati. Mwaka wa 1980 mtafiti Roediger alionyesha kwamba seli hizo, zikipewa butirati na glukosi kwa pamoja, huchagua butirati. Kwa maneno mengine, ukuta wa utumbo wako mpana hautegemei damu pekee kulishwa. Hulishwa pia kutoka ndani, kwa kile ulichokula.

Je, ukuta huo ukinyimwa chakula chake huwaje? Madaktari waliona jibu kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji ambao sehemu ya utumbo wao ilitengwa, ikawa chakula hakipiti hapo tena. Sehemu ile iliyotengwa ilipata uvimbe na kutoka damu. Mwaka wa 1989 madaktari nchini Marekani walichapisha taarifa kwamba waliwasafisha wagonjwa wa aina hiyo kwa maji yenye asidi hizi fupi, na uvimbe ukapungua. Utumbo ulikuwa na njaa.

Propionati husafiri kwa mshipa hadi kwenye ini. Huko ini huweza kuigeuza ikawa glukosi, sukari ile ile ambayo ubongo hutegemea wakati hujala kitu.

Asetati ndiyo msafiri wa mbali. Hupita ini, ikaingia katika damu ya mwili mzima, na misuli, moyo na viungo vingine huichoma kwa oksijeni ili kupata nguvu. Sasa mfikirie kibarua anayetoka Kibera alfajiri, akifuata reli kwa miguu hadi Industrial Area kutafuta kazi, na hajanywa hata chai. Glukosi ya mlo wa jana imekwisha kutumika au kuwekwa akiba. Lakini kiwanda cha utumbo mpana bado kinafanya kazi, na misuli ya miguu yake inapokea mgao wake wa asetati njiani.

Hesabu ya nguvu

Ni haki msomaji aulize nguvu hizo ni kiasi gani. Gramu moja ya wanga wa kawaida hutoa kalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Gramu moja ya nyuzinyuzi hutoa kalori 2 kwa wastani, kwa sababu bakteria huchukua fungu lao kwanza na sehemu nyingine hupotea kama hewa na kinyesi. Kwa jumla, asidi fupi humpa binadamu asilimia 5 hadi 10 ya nguvu anazotumia kwa siku. Kwa mtu mzima anayetumia kalori 2,400, hizo ni kalori 120 hadi 240. Kiwango cha juu kinakaribia nguvu za kutembea kwa muda wa saa moja.

Si nyingi, na yeyote atakayekuambia kwamba waweza kuishi kwa makapi pekee anakudanganya. Binadamu si ng'ombe. Ng'ombe, kwa tumbo lake kubwa lenye bakteria, hupata kama asilimia 70 ya nguvu zake kutoka kwa asidi hizi hizi. Hata hivyo, nguvu ambazo vinginevyo zingetupwa chooni ni faida kwa mtu ambaye mlo wake haujai sahani.

Na kuna jambo la kutafakari hapa. Mahindi yanapokobolewa ili kutengeneza unga mweupe wa pakiti, wishwa na kiini huondolewa, na wishwa huo huuzwa kuwa chakula cha mifugo. Hivyo basi, sisi hununua unga uliopunguziwa nyuzinyuzi, na ng'ombe akapewa zile nyuzinyuzi.

Somo kutoka Uganda na Tanzania

Habari hizi zina mizizi hapa kwetu Afrika Mashariki. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi nchini Uganda tangu mwaka wa 1946 hadi miaka ya 1960. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, waliona kwamba wagonjwa wao wa mashambani hawakuwa wakipata kwa wingi magonjwa ya utumbo mpana yaliyokuwa yamejaa katika hospitali za Uingereza.

Mwaka wa 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo ambavyo huenda vikakuchekesha. Walipima kinyesi. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula chao kilipita mwilini kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Waingereza waliopimwa walitoa kama gramu 100, na chakula chao kilichukua zaidi ya siku tatu. Burkitt alilaumu ukosefu wa nyuzinyuzi. Wakati huo hakuwa amejua kazi yote ya butirati, lakini alikuwa ameelekeza kidole mahali panapofaa.

Mwaka wa 2014 watafiti waliwachunguza Wahadza, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Bakteria wa utumbo wao walikuwa wa aina nyingi kuliko wale wa Waitaliano wa mji wa Bologna. Mwaka wa 2015 watafiti wengine wakafanya jaribio la kubadilishana vyakula. Wamarekani weusi 20 walipewa chakula cha mashambani Afrika Kusini chenye nyuzinyuzi nyingi, na Waafrika Kusini 20 wa mashambani wakapewa chakula cha Kimarekani chenye nyama na mafuta mengi. Baada ya wiki mbili tu, dalili za uvimbe katika utumbo wa Wamarekani zilipungua na butirati yao ikaongezeka zaidi ya maradufu. Kwa Waafrika Kusini mambo yaligeuka, na butirati yao ikapungua kwa nusu.

Wiki mbili. Msomaji, fikiria kijana anayetoka kijijini alikozoea nduma, viazi vitamu na maharagwe, akaja kupanga chumba Kawangware na kuishi kwa mandazi, chipsi na mkate mweupe. Kiwanda chake cha utumbo chaweza kubadilika kabla hajalipa kodi ya mwezi wa pili. Ndipo huanza kulalamika kwamba choo ni kigumu, na mwishowe kununua dawa ya kuharisha dukani.

Unga upi?

Je, uache unga wa pakiti ununue mahindi na kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga posho? Unga wa posho usiokobolewa una nyuzinyuzi zaidi na hulisha bakteria wako vizuri. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza, tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya hutaka unga wa pakiti wa mahindi na wa ngano uongezwe vitamini na madini, yakiwemo chuma na zinki. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Ukiutumia, hakikisha unakula pia mboga za majani, maharagwe na omena.

La pili ni ukungu. Mwaka wa 2004 mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu katika sehemu za Makueni na Kitui yaliota kuvu wenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mahindi yenye punje zilizobadilika rangi, zenye harufu ya uvundo au zilizo na unyevu, usiyanunue hata ukipunguziwa bei, wala usidhani kwamba kupika kutaondoa sumu hiyo.

Vipi kuhusu ugali wa jana? Wanga uliopikwa ukipoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa wanga sugu. Kwa hivyo, yule anayekula kiporo cha ugali na chai asubuhi hana haja ya kuona haya, kwani amewawekea bakteria wake akiba. Lakini kiporo kifunikwe vizuri, kisifikiwe na nzi wala panya, na ukikipasha moto kipate moto hasa. Kikianza kunuka au kuteleza, kitupe.

Kuhusu watoto

Hapa nakusihi usome kwa makini. Tumbo la mtoto mdogo halizidi ngumi yake kwa mbali. Ukimjaza makapi, atashiba kabla hajapata nguvu za kutosha kukua. Mtoto aliyevuka miezi sita anahitaji uji mzito ulioongezwa maziwa, njugu zilizosagwa au mafuta kidogo, pamoja na maharagwe yaliyopondwa, huku akiendelea kunyonya. Aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama pekee. Maziwa hayo nayo yana sukari za pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zimewekwa humo kwa ajili ya bakteria wake wema, ambao huzigeuza kuwa asetati.

Mtoto akiharisha, wazazi wengine humnyima chakula ili "tumbo lipumzike". Hilo ni kosa linaloua. Asidi fupi zinapoingia katika ukuta wa utumbo mpana, huvuta chumvi na maji pamoja nazo kurudi mwilini. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka wa 2000 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waliopewa maji ya chumvi na sukari yaliyotiwa wanga sugu wa mahindi walipona kuhara mapema. Bangladesh, mwaka wa 2001, watoto waliokuwa wakiharisha kwa muda mrefu walipewa ndizi mbichi zilizopikwa, na wengi wakapata nafuu haraka zaidi.

Hii haina maana kwamba ndizi ni dawa ya kutosha. Mpe mtoto maji ya ORS mara tu anapoanza kuharisha, mpe zinki kama mhudumu wa afya atakavyokuelekeza, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au kinyesi kikiwa na damu, mkimbize katika kituo cha afya bila kungoja asubuhi.

Aidha, jihadhari na vidonge vya kuua viini vinavyouzwa kimoja kimoja kila tumbo linapouma. Dawa hizo hazichagui. Huua bakteria wabaya pamoja na wafanyakazi wa kiwanda chako, na mara nyingine hizo hizo ndizo hukuletea kuhara. Zitumie pale tu ulipopimwa na kuandikiwa, na uzimalize.

Na ile gesi?

Wapo wanaoogopa maharagwe kwa sababu ya gesi, hasa familia inapolala katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Gesi hiyo ni moshi wa kiwanda. Uchachushaji hutoa hidrojeni, kaboni dayoksaidi na kwa baadhi ya watu methani. Haidhuru, na mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Dawa yake ni kuongeza vyakula hivi polepole kwa muda wa wiki kadhaa badala ya kula sahani tatu siku ya kwanza. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, kisha uyachemshe kwa maji mapya. Zaidi ya kupunguza gesi, yataiva upesi na utaokoa makaa. Kunywa maji safi ya kutosha pia, kwa kuwa nyuzinyuzi bila maji zaweza kukufunga choo.

Mwenye maumivu ya tumbo yasiyoisha, anayekonda bila sababu, au anayeona damu chooni asijitibu kwa githeri wala kwa dawa ya duka. Amwone daktari.

Kwa wengine wote, huna haja ya kununua poda wala vidonge vya bei ghali. Githeri, ndengu, sukuma wiki, viazi vitamu, ndizi mbichi na uji wa wimbi, vyote vinapatikana kwa mama mboga wa Gatina, Kawangware, au katika soko la Toi. Ukila leo jioni, kumbuka kwamba hujilishi peke yako. Una wapangaji wa kulishwa, na kabla ya kupambazuka watakuwa wamekulipa kodi.